Mizani ya mtoto ipo, ya mama je?

Siku ya kliniki, kwenye benchi la zahanati ya mtaani kwetu hapa Dodoma, mtoto wangu alikuwa wa kumi na moja kwenye foleni. Nesi alimtia kwenye mfuko, akamning'iniza, sote tukanyamaza tukisubiri mshale uache kucheza. Kilo 6 na gramu 200. Akaweka nukta kwenye kadi, akasema, "Anakwenda vizuri, mama." Mizani ya watu wazima ilikuwa pale pale ukutani, juu yake wameweka boksi la glavu. Nilipokuwa mjamzito nilipandishwa mizani ile kila hudhurio. Tangu nijifungue, miezi minne ilikuwa imepita na hakuna aliyeniambia nipande tena.

Nyumbani, kinyume chake, mwili wangu ulikuwa na wasemaji wengi. Mama mkwe alikuja kutoka Mvumi na unga wa uwele, karanga na kuku wawili wa kienyeji. "Kula, mwanangu, maziwa hayatoki hewani." Mdogo wangu naye kila jioni alinitumia picha za mikanda ya kubana tumbo na chai za kupunguza mwili. "Dada, ukichelewa mafuta yanaganda."

Nianze na mama mkwe, kwa sababu amekosea kidogo kuliko tunavyodhani. Anayenyonyesha maziwa ya mama pekee anahitaji takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku. Mfuko wa uzazi huchukua kama wiki 6 kurudi mahali pake, na arobaini ya wazee inakaribiana mno na muda huo. Kuna na suala la damu: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajinyime wiki ya pili baada ya kujifungua ni kumdhuru.

Tatizo liko kwenye sukari. Nilikaa jikoni siku moja nikahesabu. Kikombe kikubwa cha uji wangu kilipata vijiko 3 vya mezani vya sukari, na kwa siku nilikunywa vikombe vitatu. Vijiko 9 ni karibu kilokalori 430. Yaani sukari peke yake ilishalipa karibu gharama yote ya maziwa, kabla sijagusa uji wenyewe, karanga, supu wala ugali na mlenda. Uwele hauna kosa hapo. Uji mzito wa uwele wenye karanga unashibisha hata ukitiwa kijiko kimoja cha sukari, na niliposema hivyo kwa upole mama mkwe hakukasirika. Alicheka, akasema zamani kwao sukari ilikuwa ya wageni.

Jambo la pili ni arobaini isiyoisha. Mwezi wa tano umefika, bado mzazi haruhusiwi kushika ndoo wala kutembea hadi sokoni, kwa hofu ya maneno ya watu. Akipungua watasema mume hamtunzi. Shinikizo hilo ni zito, nalo humwangukia mume pia.

Upande wa mdogo wangu nao una ukweli wake. Utafiti ule ule ulionyesha wanawake 28 kati ya 100 wana uzito uliozidi. Kilo zinazobaki baada ya mtoto wa kwanza ndizo mama anazoanza nazo mimba ya pili, na hapo presha na kisukari cha ujauzito vinapata njia. Na hofu ya maziwa kukauka haina msingi ikiwa mama ana uzito wa ziada, maziwa yameshakaa sawa, na anapungua polepole, kama nusu kilo kwa wiki, huku anakula vizuri.

Lakini njia anazonitumia sizikubali. Chai nyingi za aina hiyo huwa na sanamaki, dawa ya kuharisha. Zinakutoa maji, mafuta yanabaki. Mkanda unashikilia tumbo, hauyeyushi kitu, na ukikazwa kupita kiasi unasukuma mzigo chini, kwenye misuli iliyotoka kuchoka na uzazi.

Mjadala huu wote, hata hivyo, ni wa mjini. Kanda ya kati tuna msimu mmoja wa mvua. Januari na Februari ghala limekwisha na shamba linataka palizi, na kuna mama kule kijijini anapalilia mtoto akiwa mgongoni, kanga inazidi kumlegea kila wiki. Huku mjini mwenzake mtumishi amemaliza siku 84 za likizo ya uzazi, anakaa mezani toka asubuhi hadi jioni, mchana ni chipsi mayai na soda. Ukimpa kila mmoja ushauri wa mwenzake, umewaumiza wote wawili.

Ndiyo maana nadhani tunabishana juu ya uji wakati kinachokosekana ni kipimo. Mama apande mizani wiki ya 6, kisha kila anapoleta mtoto. Najua pingamizi. Manesi ni wachache na foleni ni ndefu. Tena kuna aibu: nimewahi kusikia kilo za mwanamke zikitajwa kwa sauti mbele ya benchi zima, na sikumwona tena mwezi uliofuata. Pingamizi hili la pili nalipa uzito zaidi. Kama kipimo kitakuwa cha kutangaziana, bora kisiwepo. Namba iandikwe kimya kwenye kadi, na maneno yasemwe mlangoni, kwa wawili.

Mwezi wa tano nilisubiri benchi lipungue, nikamwuliza nesi kama naweza kupima na mimi. Aliniangalia kidogo, akaondoa boksi la glavu, akarudishia mlango nusu. "Panda, mama. Vua kandambili kwanza, na mtoto nipe mimi."