Siku 90 kati ya kuacha na kuachishwa

Nairobi mtu akipata kazi husema ameandikwa, na akiipoteza husema amefutwa. Ukiyasikia maneno hayo utadhani kuna daftari mahali fulani, jina linaingizwa kwa kalamu na kutolewa kwa kifutio. Nenda kwenye mageti ya Industrial Area saa kumi na mbili asubuhi, watu wakimiminika kwa miguu kutoka Mukuru, uwaulize walioandikwa wakuonyeshe maandishi. Hata neno kibarua lenyewe lina barua ndani yake: kilikuwa kile kikaratasi alichopewa mtu wa kutwa, jioni akakirudisha akalipwa. Kikaratasi kilipotea, jina likabaki kwa mwenye kukibeba.

Kuna hoja ambayo naisikia sana, hasa Mei Mosi ikikaribia, na wenye kuitoa si watu wabaya. Wanasema kumfundisha mfanyakazi istilahi za sheria ni kumpotezea wakati. Tatizo si maneno, tatizo ni usimamizi. Maafisa wa leba ni wachache, kesi huchukua miaka, na kibarua anayemtajia supavaiza kifungu cha sheria leo, kesho geti halimjui. Wengine huongeza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ziko katika sekta isiyo rasmi. Mama mwenye kibanda cha chakula Gikomba na wasichana wawili wa kuosha vyombo, ukimwendea na habari za notisi na likizo ya siku 21, ataosha vyombo mwenyewe. Nao waajiri wakubwa wana hesabu yao: mfanyakazi rasmi ni michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba ambayo mwajiri naye huilipa, ni makaratasi kila mwezi. Biashara ikiyumba, wa rasmi haondoki kwa neno moja.

Yote hayo ni kweli. Geti kweli husahau sura. Lakini hoja hii hudhani kwamba mfanyakazi anajua anachodai, ila hana nguvu ya kukidai. Mimi nimeona wengi ambao wangeweza kupewa, wakaomba kitu kingine.

Mwaka jana nilikaa kwenye kibanda cha chai karibu na barabara ya Lunga Lunga na mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi ya kupakia bidhaa miaka sita kamili, kiwanda kimoja, zamu ya mchana. Alikuwa akiitwa kibarua tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na alilipwa kila Jumamosi. Ikaletwa mashine ya kupakia. Yeye na wenzake wakaitwa ofisini, mmoja mmoja, wakaambiwa kazi imeisha, wakapewa malipo ya wiki hiyo na karatasi ya Kiingereza ya kutia saini. Alikuwa nayo kwenye mkoba, imekunjwa mara nne, ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate. Nikaisoma. Ilisema ameacha kazi kwa hiari yake, na kwamba hana dai lolote.

“Niliwauliza kiinua mgongo, kijana wangu,” akaniambia. “Wakasema hakuna.”

Na hapo ndipo penye uchungu: walimwambia ukweli. Kiinua mgongo, kwa maana ya bahshishi ya utumishi (gratuity), sheria haimlazimishi mwajiri akilipe isipokuwa kiwe kwenye mkataba au kwenye makubaliano na chama cha wafanyakazi. Yule wa ofisini alijibu swali aliloulizwa. Angeulizwa malipo ya kupunguzwa kazi, jibu la “hakuna” lingekuwa uongo.

Tuyatenganishe maneno haya, maana kwa mazungumzo ya kawaida tumeyatia yote kwenye gunia moja la kufutwa. Anayeacha kazi mwenyewe hadai fidia. Tena yeye ndiye anayetakiwa kutoa notisi. Anayefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa hapewi notisi, lakini lazima kwanza aelezwe kosa lake na asikizwe, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama, kwa lugha anayoielewa. Anayepunguzwa, yaani nafasi yake imeondoka bila yeye kukosa lolote, kama vile mashine inapoingia, huyo Sheria ya Ajira ya 2007 inampa notisi ya mwezi mmoja au malipo yake, pesa za likizo aliyokuwa hajaenda, na mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Na afisa wa leba anapaswa kuarifiwa kwa maandishi kabla.

Miaka sita mara 15 ni siku 90.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kuliko inavyohitaji, kwa sababu ni ndogo mno. Kuacha na kuachishwa vinatofautiana kwa herufi nne ndani ya neno, nazo herufi hizo, kwa mama huyu, zilikuwa siku 90 za kuamka saa kumi alfajiri, kuchemsha maji, na kutembea gizani kuwahi zamu. Hakuna mlinzi wala mhasibu aliyezichukua kwa nguvu. Alizitoa mwenyewe kwa kalamu aliyoazimwa na karani, kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemsomea.

Mtu atasema: lakini alikuwa kibarua, na kibarua hana hayo. Hilo ndilo neno la pili lililomponza. Kwa sheria, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Anayengoja Jumamosi ameshatoka kwenye maana hiyo. Na hata anayelipwa kila jioni, siku zake za mfululizo zikijumlishwa zikafika mwezi, sheria inamhesabu kuwa wa mkataba wa mwezi, mwenye kustahili notisi. Akipita miezi miwili kazini, anastahili masharti aliyopaswa kupewa kama asingeanza kama kibarua. Mama huyu alikuwa amekoma kuwa kibarua miaka mingi kabla, ila hakuna aliyemwambia, na ofisini hawakuwa na haraka ya kumwambia.

Waajiri wanajua maana hiyo vizuri sana. Ndiyo sababu viwanda vingine huwapumzisha vibarua siku kadhaa kila wiki ya nne, halafu huwaita tena. Wenye hoja ya kwanza hunionyesha mbinu hii kama ushahidi wao: unaona, sheria imewaletea vibarua njaa ya siku tatu kila mwezi! Sikatai kwamba imewaletea. Lakini mtu hajisumbui kukwepa neno lisilo na uzito, na mbinu yenyewe haifaulu kila mara, maana mahakama hutazama kazi ilivyoendelea kwa jumla.

Mawakili nao wana shaka yao, nami naiheshimu zaidi. Wanasema Kiswahili cha mtaani kinachanganya, mahakama inahitaji istilahi isiyoyumba, kwa hiyo afadhali kila kitu kibaki katika Kiingereza cha sheria. Sehemu ya kwanza ni sawa kabisa. Kiinua mgongo kinachobeba malipo tofauti ni mfano tosha. Sehemu ya pili siielewi. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Katiba ya 2010, na sheria hiyohiyo ya ajira inasema asiyeweza kusoma lugha ya mkataba aelezwe mkataba kwa lugha anayoielewa. Aelezwe kwa maneno gani, ikiwa tumekataa kuyakaza maneno? Kazi ya wiki moja kwa chama cha wafanyakazi: maneno kumi, maana moja moja, yabandikwe ubaoni penye matangazo ya zamu.

Kuhusu mama wa Gikomba, hapo nakubali sina jibu zuri. Sheria haimtofautishi na kiwanda, na mkataba wa miezi mitatu au zaidi unatakiwa uandikwe, awe nani. Ninachojua ni kwamba asipouandika, kesi ikija, ni juu yake kuthibitisha masharti yalikuwa yapi. Kwa hiyo hata yeye ujinga wa maneno haumfai. Kikaratasi chenye tarehe, malipo na saini mbili kingemlinda yeye na wasichana wake, na bei yake ni ya daftari la shule.

Turudi Lunga Lunga. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huyatambua makubaliano ya kumaliza madai, mradi aliyetia saini alifanya hivyo kwa hiari na kwa kuelewa. Kwa hiyo ile karatasi ya kwenye mfuko wa mkate inaweza kumfunga. Inaweza pia isimfunge, kutegemea kama atamshawishi jaji kwamba hakujua kilichoandikwa. Muda wa kudai ni miaka mitatu tangu siku ile, na alikuwa bado na miwili na miezi.

Nilimwandikia maneno mawili nyuma ya risiti ya chai: kupunguzwa kazi. Akayasoma kwa sauti, polepole, kisha akauliza kama akifika ofisi ya leba aanze na hayo au aanze na habari ya mashine.

“Anza na mashine, mama,” nikamwambia.