Hata Jogoo Wetu Ana Hisa Katika Lile Kanisa

Nikiwaambia wazee wa kanisa letu huku Kiambu kwamba Uskoti makanisa yanauzwa na kugeuzwa kumbi, wanatikisa vichwa. "Si ndio hao waliotuletea Injili?" Ndio hao. Hata jina la Thogoto, kwenye kile kituo chao cha misheni, ni Waskoti walivyotamkwa na Wakikuyu.

Mimi silii nao. Kuna kanisa Portobello, mtaa wa ufukweni mjini Edinburgh, lililojengwa 1809. Waumini wake walipounganishwa na wenzao wa jirani, jengo likatangazwa kuuzwa. Kwa bei za viwanja vya Edinburgh, tena karibu na bahari, tungetarajia nini kama si fleti za wenye nazo? Lakini wakazi waliunda chama, Action Porty, wakapiga kura, na 2017 wakalinunua, sehemu kubwa kwa fedha za mfuko wa umma wa ardhi. Mwaka uliofuata likafunguliwa kwa jina la Bellfield, ukumbi wa mtaa.

Kinachonivutia mimi ni sheria kuliko ukumbi. Tangu sheria ya 2003, wanakijiji wa Uskoti wanaweza kujiandikisha ili ardhi inapouzwa waulizwe wao kwanza. Sheria ya 2015 ikaipeleka haki hiyo mijini, na Bellfield likawa la kwanza mjini kununuliwa hivyo.

Ukijua walikotoka utaelewa uzito wake. Mwaka 1843 kanisa lao lilipasuka, ugomvi mkubwa ukiwa ni matajiri wenye ardhi kuwachagulia watu mchungaji. Waliojitenga wakaanza kutafuta viwanja, na baadhi ya mabwana hao hao wakawanyima. Huko kijiji cha Strontian ilibidi watengenezewe kanisa la chuma linaloelea, likatiwa nanga Loch Sunart, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, mwaka 1846. Watu wakasali majini kwa sababu nchi kavu yote ilikuwa na mwenyewe!

Sasa turudi kwetu. Kanisa letu lilijengwa kwa harambee, na mimi nilikuwa mtoto wa kushika kikapu. Mama mmoja alileta jogoo mwekundu, kafungwa miguu kwa utambaa. Akanadiwa. Mwalimu akamnunua, akamrudisha mezani anadiwe tena. Mwenye duka akamnunua, naye akamrudisha. Hivyo hivyo mara nne, watu wakipiga vigelegele, na jogoo mmoja akaezeka upande mzima wa paa.

Juzi kwenye kikao niliuliza: siku likiuzwa, nani ataulizwa kwanza? Nikaambiwa tusiombeane mabaya, tuendelee na ajenda. Ajenda ilikuwa rangi ya ukuta.

Yule jogoo, kwa wanaotaka kujua, alirudi nyumbani na mama yule yule. Mnunuzi wa mwisho alimpa zawadi.