Farasi mia na themanini

Mjomba alikuja kututembelea huku jimbo la New Hampshire, Marekani, na mimi, kwa kiherehere changu, nikajitia kumzungusha kuona madaraja yenye paa. "Daraja linaezekwa?" akauliza. "Kwani nani analala humo?"

Tulipofika lile la Cornish akaacha maneno. Mjomba ni seremala wa Tanga, mikono yake imezeekea kwenye mbao. Akashuka, akapapasa, akachungulia maboriti yaliyopishana mshazari mle gizani, akatikisa kichwa. "Hawa walikuwa mafundi. Paa si la watu, ni la mbao. Maji yakishaingia kwenye viungo, kazi yote inaoza."

Nikamwambia limejengwa 1866, lina urefu wa kama mita 137, linavuka mto Connecticut hadi Windsor, jimbo jirani la Vermont. Ningeishia hapo. Lakini juu ya mlango kuna kibao, nami nikajifanya mkalimani: "Tembeza farasi wako, la sivyo ulipe dola mbili."

Mjomba akageuka polepole. "Asubuhi ulisema gari lako lina nguvu za farasi wangapi?"

Nilikuwa nimejisifu. "Mia na themanini."

Akahesabu kwa vidole. "Dola mia tatu na sitini. Unazo?"

Nikacheka. Mwenzangu hacheki. Nikamweleza kuwa hayo ni mambo ya enzi za magari ya farasi, hata ushuru wa kuvuka ulikoma 1943.

"Mbona kibao hawajakibandua?"

Sikuwa na jibu. Basi akagoma kupanda. Akatembea ubavuni mwa gari, mkono dirishani kama kashika hatamu, nami nyuma ya usukani namfuata kwa mwendo wa kobe. Magari yakaanza kupanga foleni nyuma yetu.

"Tumeshaingia Vermont?"

"Bado, Mjomba. Mpaka uko kule ukingoni, mto huu ni wa New Hampshire."

"Ahaa. Kumbe tukifika ng'ambo hawatudai!"

Hapo honi ikalia. Ndani ya lile sanduku la mbao, honi moja ni parapanda ya kiyama. Nikashtuka, mguu ukakanyaga mafuta, na farasi wote mia na themanini wakachomoka kwa pamoja. Akili inanirudia, niko Vermont. Natazama kioo: Mjomba hayupo.

Nikaegesha pembeni, jasho linanitoka, nimeshaanza kutunga nitamwambia nini mama. Likatoka gari la kwanza. La pili. La tatu lilikuwa pikapu nyekundu, anaendesha bibi mmoja wa Kizungu, na kiti cha mbele kakaa Mjomba, anatafuna tufaa. Wanacheka mpaka mabega yanatikisika. Na Kiingereza cha Mjomba kinaanzia "tenkyu" na kuishia hapo hapo.

Akashusha kioo. Kushuka mwenyewe, wapi.

"Mjomba," akaniambia, "wewe tangulia. Farasi wa huyu mama wamefunzwa adabu."