Cheti cha mfanyakazi hodari hakilipi nauli

Mei Mosi ikikaribia, ofisi nyingi za umma hapa Tanzania huanza kumsaka mfanyakazi hodari wa mwaka. Akipatikana hupigwa picha, akakabidhiwa cheti na bahasha. Bosi mmoja niliyewahi kuwa chini yake alikuwa na maneno yake ya siku hiyo: “Jamani, pesa si kila kitu.” Nje dereva alikuwa kaacha injini ikiunguruma, gari lisije likapata joto.

Kauli hiyo ina usomi nyuma yake. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu 203 wa eneo la Pittsburgh. Waliona kwamba mshahara mdogo huzaa manung'uniko, ila mshahara mzuri peke yake hauwashi ari. Ari huwashwa na kazi yenyewe, kutambuliwa, kupewa dhamana na kujiona unasonga mbele. Semina zetu za uongozi zimebeba nusu ya pili na kuiacha ya kwanza mlangoni.

Hao 203 wananikosesha usingizi. Wahandisi na wahasibu, tena katika Marekani ya miaka ya hamsini! Ukimuuliza mtu aliyeshiba kipi kilimfurahisha kazini, hawezi kukutajia ugali. Sasa mchukue mhudumu wa ofisi anayelipwa kima cha chini cha utumishi wa umma, ambacho Rais Samia alitangaza pale Singida, Mei Mosi 2025, kuwa kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Asilimia 35.1 si haba, na waliopiga vigelegele walikuwa na haki. Lakini mhudumu huyu ana mkopo wa benki, na utaratibu wa makato unamlindia theluthi moja tu ya mshahara. Akiwa amekopa hadi ukomo, anabaki na 166,667 hivi. Gawa kwa siku 30: shilingi 5,556. Hapo hajapanda daladala, hajanunua mkaa, na mtoto hajarudi na karatasi ya mchango wa mitihani. Akichelewa asubuhi, anaandikiwa kwamba hana ari ya kazi. Mimi naona ana ari, ila amepiga hesabu.

Kwa haki, bosi naye ana la kusema. Mkuu wa shule hapangi mshahara wa mwalimu hata mmoja. Alicho nacho mkononi ni ratiba, ruhusa, ahsante na ulimi wake, na kwa hivyo vinne anaweza kujenga shule au kuibomoa. Tena wapo wenye mishahara minono wanaotazama saa tangu saa nne asubuhi. Nyongeza nayo huzoeleka upesi. Kabla haijafika miezi mitatu mtu ameshaikopea. Hilo Herzberg aliliona sawasawa.

Ninachokataa ni kuvitenganisha, pesa huku na heshima kule, kana kwamba bosi anaweza kutoa moja badala ya nyingine. Ofisini kwetu alikuwapo karani wa masijala, mama mtu mzima. Barua yake ya kupanda daraja ilikaa miezi saba kwenye trei ya bosi ikingoja sahihi. Ilikuwa pesa, naam, lakini kila siku iliyolala pale ilimwambia pia yeye ni nani machoni pa mkubwa wake. Na sahihi haikuhitaji bajeti wala kibali kutoka Dodoma. Ilihitaji kalamu.

Mwaka huohuo cheti cha mfanyakazi hodari kikaenda kwake. Alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akarudi kwenye kiti chake. Jioni nilipita masijala kuchukua faili, nikamkuta amekigeuza juu chini mezani, anajumlisha malimbikizo yake kwa penseli nyuma ya karatasi ile ngumu.