Sikumwita Mama, Nilimwita Mama Mwenye Nyumba

Jamaa ninayekaa naye ameshamwaga kwenye kila grupu kwamba nililipuliwa na kidude cha ukubwa wa kifundo cha kidole, nikalia "Mamaaa!" Sasa msikilizeni mwenye tukio.

Mnanijua: miaka saba naandika kodi (code) za programu, waya sijawahi kushika. Juzi nikatoka Kariakoo na Arduino (kibao kidogo cha umeme unachokipa programu), mota ya volti 12 na pakiti ya kapasita kumi, vidude vinavyohifadhi chaji kwa muda. Siku ya kwanza taa ya LED ikakonyeza. Nikajiita injinia. (Rezista ya kupunguza umeme niliweka, msianze.)

Jumamosi usiku zamu ya mota. Ikianza kuzunguka inavuta umeme kwa pupa, Arduino inazimika na kuwaka upya. Nikasoma kwamba kapasita inatuliza. Nikachomeka, nikawasha adapta.

Kimya. Halafu "ssss", kama chai inayotaka kuchemka. Mwenye akili angezima. Mimi nikainama nisikie vizuri. Kile kichwa cha bati cha kapasita, chenye alama ya msalaba, kikaanza kutuna. Taratibu. Kikatuna tena, kama chapati inayoumuka juu ya kikaango. Nikawaza: kumbe ndivyo chaji inavyojaa!

PAA!

Moshi mweupe, harufu ya samaki waliolala, nyuzi za karatasi kwenye ndevu. Macho yaliokolewa na miwani.

Hapa ndipo jamaa alipowaficha. Sisi watu wa programu, kosa likitokea tunafanyaje? Tunaendesha tena bila kubadili kitu, tuone kama litajirudia. Nikachukua kapasita ya pili. Nikaichomeka vilevile.

Likajirudia.

Ndiyo, hapo niliita. (Kesho yake fundi redio wa mtaani aliangalia sekunde mbili tu: ule mstari wa ubavuni unaonyesha upande wa hasi, mimi nimeupeleka kwenye chanya. Nilidhani ni urembo!)

Mama mwenye nyumba akaingia na ndoo ya mchanga, khanga imefungwa kifuani, akijua mtungi wa gesi umepasuka. Mimi niko chini ya meza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unafanya nini humo?"

"Samahani mama, nilikuwa najaribu kodi."

Akatua ndoo.

"Kodi? Ya mwezi gani?"