Mstari wa Saba ni Baba Mdogo

Januari 2024, LibreOffice, ile programu ya bure ya kazi za ofisi, ilikuwa inabadili namba za matoleo yake: kutoka 7.6 inarukia 24.2, yaani mwaka na mwezi. Sisi wajitoleaji wachache tulikuwa tunaandaa mwongozo wa Kiswahili kabla toleo halijatoka mwisho wa mwezi. Mimi nilipewa Calc, sehemu yake ya majedwali ya hesabu, na sura ya kuokoa faili, maana toleo hilo lilikuja na uokoaji ukiwa umeshawashwa, mtu hagusi hata kitufe.

Dar es Salaam ilikuwa kwenye mgao wa umeme, na kompyuta yangu betri ilishakufa, inaishi kwa waya. Kwa hiyo niliiwekea kiprogramu: umeme ukirudi, kinafungua faili la mfano, kinapiga picha za skrini, kinazipachika kwenye mwongozo, kinatuma rasimu kwa wahakiki. Mimi nalala zangu.

Mfano wenyewe ulikuwa duka: sukari, mchele, mafuta ya kula, safu zimepakwa rangi, jumla inajikokotoa. Shangazi, mhazini wa kamati ya harusi ya binamu yangu, akaja jioni kuomba kompyuta "dakika mbili tu". Akalipenda jedwali. Akafuta sukari, akaweka watu.

Umeme ukakatika akiwa katikati ya safu ya Maelezo. Ukarudi usiku wa manane, LibreOffice ikauliza kama irejeshe faili, na shangazi, aliyelala pale pale sebuleni, akabonyeza kila kilichobonyezeka. Uokoaji ulifanya kazi vizuri kuliko nilivyoueleza.

Asubuhi mhakiki wa Ujerumani akanipongeza kwa mfano wenye uhai. Ila mstari wa 7, akauliza, una ahadi 500,000 na taslimu sifuri: fomula imekosewa?

Nikafungua picha. Mstari wa 7 ni baba mdogo. Maelezo: "Huyu mdomo tu." Wa 8: "Gari jipya analo, mchango hana." Wa 9, mchungaji wetu: "Kaahidi maombi."

Sijajibu, simu ikaita: baba mdogo. Kumbe binamu mwingine, anayesomea kompyuta Dodoma, naye ni mhakiki, na picha alishaitupia kwenye grupu la ukoo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba nikuitikie kwa nini? Kwa mdomo? Si ndio huo tu nilio nao?"

Nikamweleza habari za mgao, kiprogramu, uokoaji wa faili. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata Wajerumani wanajua?"

"Mmoja tu, baba."

Akakata. Kabla ya adhuhuri laki tano ikaingia kwa simu, pamoja na ya kutolea. Mchungaji naye akatuma elfu hamsini, hakuna aliyemuuliza.

Nikamwendea shangazi na hasira zangu. Nikamkuta anakata majina kwenye daftari, miwani puani.

"Mwanangu, hilo toleo lako lingine linatoka lini?"

"Agosti, shangazi. Hutoka mara mbili kwa mwaka."

"Vizuri. Septemba tuna kipaimara. Mfano nitakuandalia mwenyewe."