Kapre na sigara yake

Makala nzuri, mwandishi, ila hapo uliposema mazimwi yote ya gemu hili la Kifilipino ni ya "kabla ya Wahispania", yaani kabla hawajaitawala Ufilipino, umeniacha njiani. Kapre yule, jitu jeusi linalokaa juu ya mti likivuta sigara, jina lake limetokana na neno la Kihispania cafre, nalo limetoka kwenye Kiarabu kafir. Ndiyo, kafiri huyuhuyu wetu! Na tumbaku yenyewe ilifika visiwani na Wahispania, ikitokea Amerika. Sasa zimwi la kabla ya mkoloni linavuta nini?

Simaanishi watengenezaji wa gemu waliondoe. Napenda sana kapre. Ila wangetumia zaidi yale ambayo ni ya zamani kweli. Bakunawa, kwa mfano, lile joka la baharini la Visayas, visiwa vya katikati ya Ufilipino, linalomeza mwezi, na watu wanatoka nje kugonga vyungu na ngoma mpaka liuteme. Hilo peke yake ni pambano kamili la bosi, yule adui mkuu wa gemu, tena silaha yako ni kelele! Na babaylan, waganga ambao wengi wao walikuwa wanawake, wasiwekwe tu pembeni kuponya majeraha. Hao ndio waliozungumza na mizimu.

Halafu tusiseme hili ni gemu la kwanza la ngano za Kifilipino. Gemu la Anito lilitoka 2003, likatengenezwa na Wafilipino wenyewe. Mimi nasubiri kuona kama balangay, zile mashua za kale za Ufilipino, zitaendeshwa ndani ya gemu au ni mapambo tu.